ANWANI ZA INTANETI NA SANDUKU LA POSTA LA CHAMA

Na Mkaguzi wa Ushirika, Tabora

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Siku hizi kazi nyingi za vyama vyetu vya msingi hufanywa kwa njia ya mtandao wa simu. Taarifa za chama hupelekwa katika MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Malipo ya wakulima hupitia benki na simu za mkononi. Kwa vyama vingi vilivyo vijijini, iwe Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui, intaneti ya ofisi ni laini ya simu iliyotiwa ndani ya simu ya katibu, au ndani ya kisanduku kidogo kiitwacho ruta.

Kwa sababu hiyo neno moja limeanza kusikika mikutanoni, nalo ni "anwani ya IP". Husemwa na muuza kamera anayetaka kufunga mitambo yake ghalani. Husemwa na ofisa anayetaka kuunganisha chama na mfumo wa malipo. Mara nyingine husemwa na mjumbe anayemnyoshea katibu kidole. Makala haya yanakusudia kueleza anwani hiyo ni kitu gani, na kwa nini katika mtandao wa simu ziko za aina mbili, yaani ya umma na ya binafsi. Aidha yanaeleza mambo yampasayo katibu kuyajua kabla fedha ya chama haijatoka, au kabla jina la mtu halijachafuliwa.

Anwani ni nini, na kwa nini hazitoshi

Habari yoyote inayotumwa kwa intaneti, iwe ni barua, picha au hesabu ya mazao, hukatwa vipande vidogo vidogo viitwavyo pakiti. Juu ya kila pakiti huandikwa anwani mbili: ya kule iendako na ya kule itokako. Pakiti isiyo na anwani ya kule itokako haiwezi kupata majibu, kama vile barua isiyo na jina la mwandishi isivyoweza kujibiwa.

Anwani zilizozoeleka zaidi ni za toleo la nne. Huandikwa kwa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila namba ikiwa kati ya 0 na 255. Mfano wake ni 203.0.113.8, ambayo imo katika fungu lililotengwa kwa ajili ya mafunzo na haina mwenyewe. Tukizidisha 256 × 256 × 256 × 256 tunapata 4,294,967,296. Hizo ndizo anwani zote zinazowezekana duniani kwa toleo hilo.

Toleo hilo lilipoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1983, kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache mno, na idadi hiyo ilionekana kubwa. Leo haitoshi. Watu duniani walitimia bilioni 8 mwezi Novemba 2022, na wengi wao wana simu, na wengine wana vyombo viwili au vitatu. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake matano ya mwisho kwa mashirika matano ya kanda. Shirika la Afrika ni AFRINIC, lenye makao yake Morisi. Mwezi Januari 2020 shirika hilo nalo liliingia katika hatua ya mwisho ya mgao, ambapo mwombaji hupewa anwani zisizozidi 1,024 kwa mara moja. Kampuni ya simu yenye wateja mamilioni haiwezi kumpa kila mteja anwani yake kutoka katika akiba ya namna hiyo. Hapana budi watu washirikiane.

Sanduku moja, watu wengi

Kushirikiana anwani si jambo geni kwetu. Kwa miaka mingi mkulima wa kijijini hakuwa na sanduku lake la posta. Alipoandika barua aliandika: "kwa kupitia Chama cha Msingi, S.L.P. kadha wa kadha, Tabora". Sanduku lilikuwa moja, na wanachama walikuwa mia kadhaa. Posta ya Tabora haikumjua mkulima huyo wala njia iendayo shambani kwake. Ilijua sanduku tu. Aliyejua barua hii ni ya nani, na yule anakaa kitongoji gani, ni katibu.

Hata zamani za misafara mambo yalikuwa hivyo. Barua za Ulaya za Dkt. Livingstone zilifika kwanza kwa konseli wa Uingereza huko Unguja, kisha zikachukuliwa na wapagazi katika njia ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji. Upo mfuko wa barua zake uliofungwa Unguja tarehe 1 Novemba 1870. Ulifika Unyanyembe, hapa petu, ukalala. Stanley aliukuta huko, akauchukua, akamkabidhi mwenyewe Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Ulikwenda mwaka mzima, kwa kuwa hapo njiapanda hapakuwa na mtu wa kuufikisha kwa mwenyewe. Ikiwa anwani ni ya mlangoni tu, barua hufika mlangoni. Kufika zaidi ya hapo kunategemea aliye ndani.

Mtandao wa simu hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Anwani ya umma ni kama S.L.P.: inajulikana dunia nzima, na hairudiwi mahali pengine. Anwani ya binafsi ni kama jina la mkulima ndani ya chama: lina maana ndani tu. Jina la Juma liko katika kila chama, na hakuna ugomvi, maadamu kila Juma anajulikana kwa katibu wake.

Mafungu ya anwani za binafsi yamepangwa kwa makubaliano ya dunia nzima tangu Februari 1996, nayo ni matatu:

(a) zinazoanza na 10, ambazo ni 16,777,216;
(b) kuanzia 172.16 hadi 172.31, ambazo ni 1,048,576;
(c) zinazoanza na 192.168, ambazo ni 65,536.

Mwezi Aprili 2012 liliongezwa fungu jingine kwa ajili ya makampuni ya mawasiliano yenyewe, kuanzia 100.64 hadi 100.127, lenye anwani 4,194,304. Anwani zote za mafungu haya manne hazisafiri katika intaneti ya umma. Huishia mlangoni.

Safari ya pakiti kutoka ofisini

Tuseme katibu aliye Sikonge anafungua mfumo ili aandike mizani ya siku. Kompyuta yake imepewa na ruta ya ofisi anwani 192.168.1.5. Ruta nayo, kwa kuwa ina laini ya simu, imepewa na kampuni ya simu anwani nyingine ya binafsi, tuseme 10.45.7.19. Yafaa ieleweke kwamba mnara wa kijijini hautoi anwani hizo. Mnara hupokea mawimbi na kuyapeleka mbele. Anwani hutolewa na mitambo mikuu ya kampuni, ambayo mara nyingi iko mji mwingine kabisa. Ndiyo maana baadhi ya tovuti humwambia mtu aliye Sikonge kwamba yuko Dar es Salaam.

Pakiti ikifika katika lango la kampuni, mtambo hufuta ile anwani ya binafsi na kuandika mahali pake anwani ya umma, tuseme 203.0.113.8. Lakini wateja wengine wengi nao wanatoka kwa anwani hiyo hiyo wakati huo huo. Jibu likirudi, lango litajuaje kuwa ni la katibu wa Sikonge, wala si la mwanafunzi aliye Nzega?

Hapa ndipo inapoingia namba ya mlango. Kila anwani ina milango 65,536, yaani namba za 0 hadi 65535, inayotumika kutofautisha mazungumzo. Lango la kampuni huandika katika daftari lake: "10.45.7.19, mlango 40112, ametoka kwa 203.0.113.8, mlango 23055, saa fulani." Jibu likirudi kwa mlango 23055, lango hutazama daftari, hurudisha anwani ya ndani, na kulipeleka Sikonge. Mazungumzo yakinyamaza kwa muda, mstari huo hufutwa na mlango hupewa mtu mwingine. Wataalamu huita kazi hii NAT, maana yake kubadilisha anwani.

Tufanye hesabu ndogo. Kampuni ikimtengea kila mteja milango 1,000, anwani moja ya umma yatosha wateja 64. Ikimtengea 500, yatosha wateja 128. Basi anwani inayoonekana nje si ya mtu mmoja. Ni ya kundi la watu wasiojuana, na kundi hilo hubadilika mchana na usiku.

Mambo manne yanayokigusa chama

La kwanza ni kamera za ghala. Wako wauzaji wanaosema, "Mtaandika anwani yenu tu, na mtaona ghala popote mlipo." Maneno hayo ni kweli kwa ofisi yenye anwani ya umma isiyobadilika. Kwa ofisi inayotumia laini ya kawaida ya simu si kweli. Anayebisha hodi kutoka nje hufika katika lango la kampuni, daftari halina mstari wake, naye hurudishwa. Zipo kamera ambazo hutoka zenyewe kwenda kwenye seva ya mtengenezaji, na mwenye simu naye huenda huko, wakakutana. Hizo hufanya kazi nyuma ya lango. Lakini huchoma kifurushi, kwa kuwa picha hupelekwa nje kila zinapotazamwa, na nyingine hupeleka mchana na usiku.

La pili ni mifumo inayotaka anwani maalumu. Baadhi ya mifumo ya malipo hufungua mlango kwa anwani zilizoandikishwa tu. Katibu akiulizwa anwani yake, akaisoma katika tovuti na kuipeleka, mambo yatakwenda siku mbili na ya tatu yatakwama, maana anwani ile ilikuwa ya kushirikiana na imekwisha badilika. Mbaya zaidi, mlango utakuwa umefunguliwa kwa wageni wote walio nyuma ya lango lile. Hapo njia ni mbili. Chama kiombe kampuni ya simu anwani ya umma isiyobadilika, ambayo hulipiwa zaidi. Au mwenye mfumo awape vyama VPN, ambayo ni kama mfuko uliofungwa kwa lakiri: hupita katika njia ya watu wote, lakini hufunguliwa na mwenye ufunguo tu.

La tatu ni kufungiwa bila kosa. Seva nyingi zikiona maneno ya siri yamekosewa mara nyingi kutoka anwani moja, huifunga anwani hiyo kwa muda. Jirani asiyejulikana akifanya utundu, katibu mwema naye huzuiwa. Hali hii ikitokea, haifai kuanza kubadilisha maneno ya siri kwa hofu. Kwanza ni kuzima data na kuiwasha tena, ambako huenda ukapewa nafasi kwa anwani nyingine. Ikishindikana, mwenye mfumo apigiwe simu.

La nne, nalo ndilo zito kuliko yote, ni ushahidi.

Anwani si mtu

Katika ukaguzi wa chama kimoja, ambacho sitakitaja jina, bodi ilinionyesha karatasi iliyotolewa katika mfumo wa kupokea mazao. Karatasi ilionyesha kwamba mtu aliingia kwa akaunti ya chama akabadili kilo za wakulima watatu. Iliandikwa anwani ya IP na saa 20:10. Bodi ilikuwa imekwisha uliza, ikaambiwa kuwa anwani ile ni ya kampuni ambayo katibu anatumia laini yake. Tena mlinzi alikumbuka kuwa saa 2 na dakika 10 usiku taa ya ofisi ilikuwa ikiwaka na katibu yumo. Hoja ya kumsimamisha kazi ilikuwa tayari imeandikwa.

Tuliketi tukaipima hoja hiyo kwa vipande vyake. Anwani ilikuwa kweli ya kampuni ile, lakini ya lango lake, na nyuma ya lango walikuwamo wateja wengi. Karatasi haikuwa na namba ya mlango. Na bila namba ya mlango hata kampuni yenyewe haiwezi kwa kawaida kusema ni mteja yupi kati ya wale wote.

Kisha tukatazama saa. Mfumo ule ulikuwa ukiandika saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu. Saa 20:10 ya karatasi ilikuwa 23:10 ya kwetu, yaani saa 5 na dakika 10 usiku kwa hesabu ya Kiswahili. Wakati huo, kwa maneno ya mlinzi yule yule, ofisi ilikuwa imefungwa. Mwisho tuligundua kuwa neno la siri la akaunti lilijulikana na watu wanne, kwa kuwa liliandikwa katika karatasi iliyobandikwa kando ya meza.

Hoja iliondolewa, na jambo likapelekwa polisi. Aliyeingia usiku ule hakujulikana kwa anwani hiyo. Kilo za wakulima zilirudishwa kwa kufuata stakabadhi za karatasi walizokuwa wamezitunza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile daftari la mkulima ndilo lililosimama.

Tatizo hili haliko kwetu peke yetu. Mwezi Oktoba 2017 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, lilitoa tahadhari kwamba kushirikiana anwani katika mitandao ya simu kunawazuia wapelelezi kumtambua mhalifu, na kunaweza kuwatia wasio na hatia katika upelelezi. Na tangu mwaka 2011 wataalamu wa intaneti wamependekeza kwamba seva ziandike mambo matatu pamoja: anwani, namba ya mlango, na saa kamili hadi sekunde. Kumbukumbu za kampuni za kuonyesha mteja aliyekuwa nyuma ya lango haziombwi na bodi ya chama. Huombwa na vyombo vya dola kwa taratibu za sheria, na tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Wala tusikosee upande wa pili. Anwani ya binafsi humzuia mgeni kubisha hodi moja kwa moja, lakini si ngao. Anayebonyeza kiungo cha ulaghai kilichotumwa kwa simu yake amemfungulia mwizi kutoka ndani.

Je, kila chombo kitapata anwani yake?

Lipo toleo la sita la anwani, lililoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995. Idadi ya anwani zake ni namba yenye tarakimu 39, na kila chombo duniani chaweza kupata yake bila kushirikiana. Tunaweza kulilinganisha na Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia Sensa ya Agosti mwaka huo. Badala ya watu wote kutegemea S.L.P. moja, nyumba ilipewa namba na njia ikapewa jina. Lakini kama vile masanduku ya posta yasivyofungwa siku hiyo, toleo la nne nalo lingali linatumika bega kwa bega na la sita, na lango la kushirikiana litakuwa nasi kwa muda.

Yampasayo katibu kutenda

1. Jua anwani ya ofisi yako. Tazama katika mipangilio ya ruta au simu anwani iliyotolewa na kampuni, kisha linganisha na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kupima anwani. Zikitofautiana, na ya kwanza ikiwa katika yale mafungu manne, uko nyuma ya lango.

2. Kabla ya kununua kamera au mtambo wowote, mwulize muuzaji kwa maandishi: "Je, chombo hiki kinahitaji anwani ya umma isiyobadilika?" Jibu lake liwekwe katika faili la manunuzi. Akishindwa kujibu, bodi isilipe.

3. Usiandikishe popote anwani uliyoisoma katika simu kana kwamba ni ya chama, mpaka kampuni ya simu iwe imethibitisha kwa barua kwamba ni ya chama na haibadiliki.

4. Kila mtumishi awe na akaunti yake na neno lake la siri. Akaunti ya watu wanne haina mwenyewe, na kosa lake halina mwenyewe.

5. Mwenye mfumo aulizwe kama kumbukumbu zake huandika namba ya mlango, na kama saa zake ni za dunia au za Tanzania. Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao.

6. Stakabadhi za karatasi ziendelee kutolewa na kutunzwa, na mizani ya kila siku ifungwe kwa sahihi za watu wawili.

7. Bodi isimwadhibu mtu kwa karatasi yenye anwani ya IP peke yake. Anwani yaweza kuanzisha uchunguzi. Haiwezi kuumaliza.

Ndugu wanachama, heshima ya mtumishi wa chama ni mali ya chama, kama yalivyo mabando yaliyoko ghalani. Mtu anayeletewa barua iliyotoka S.L.P. ya chama hawezi kusema kwa hakika ni mwanachama yupi aliyeiandika, mpaka afungue barua na kutazama sahihi. Basi tukipewa karatasi yenye anwani, tuulize kwanza: mlango upi, saa ipi, na sahihi ya nani?